Shajara ya mradi: ramani ya meli zilizozama, na duara la shaka kwa kila nukta

Lengo ni ramani moja ya kidijitali ya meli zilizozama duniani, ijengwe kwa programu na data za bure, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida aweze kuirudia hatua kwa hatua. Ramani za aina hii si haba. Kasoro yake ni kwamba meli iliyopigwa picha na roboti wa chini ya maji, na meli ambayo mahali pake palikisiwa gizani na ofisa aliyekuwa akihofia roho yake, huwekewa nukta za rangi ile ile na ukubwa ule ule. Hapa kila nukta itakuwa na duara la kuonyesha shaka inafika umbali gani.

Zana ni QGIS (programu ya ramani) ya kuchora na kukagua, faili moja la GeoPackage (aina ya faili la data za ramani) la kuhifadhia kila kitu, lugha ya programu ya Python kidogo pale QGIS inapochosha, na rasta (jedwali la miraba, kila mmoja na namba yake) ya kina cha bahari ya GEBCO, mradi wa kimataifa wa ramani za sakafu ya bahari. Hakuna kinacholipiwa. Gharama zinazoandikwa humu ni za muda, nafasi ya diski na masharti ya leseni.

9 Februari: data ghafi

Vyanzo vya kuanzia ni vitatu. Wikidata ina meli nyingi zenye latitudo na longitudo (sifa P625), na leseni yake ya CC0 haidai chochote. OpenStreetMap ina lebo ya historic=wreck, inayopakuliwa kupitia Overpass, huduma ya kuuliza data ya OpenStreetMap. Cha tatu ni AWOIS, orodha ya mabaki na vizuizi vya baharini ya shirika la NOAA la Marekani. Haisasishwi tena, lakini mistari yake mingi ina maelezo marefu ya nani alipima nini na lini, na maelezo hayo yatafaa sana mbele ya safari.

Juu ya hivyo kuna jedwali dogo lililoandikwa kwa mkono, la meli zinazojulikana vizuri zilipo: Titanic, Endurance, Lusitania, Edmund Fitzgerald na nyingine chache. Jedwali hili ndilo rula. Hatua yoyote ikiisogeza Titanic, hatua hiyo ina hitilafu.

Yaliyoshindwa:

Ulizo la Overpass lililoomba nukta peke yake liliacha nje meli zote zilizochorwa kama umbo, yaani zile ambazo mwili wake unaonekana kwenye picha za setilaiti. Dawa yake ni kuomba `nwr` badala ya `node`, na kumalizia na `out center` ili kila umbo lirudi na nukta ya katikati.

Wikidata ukiiomba vitu vilivyoainishwa kama mabaki ya meli tu, unakosa meli zilizoandikwa kama meli basi, huku mahali zilipozama pamefichwa ndani ya tukio muhimu (P793). Maulizo yakawa mawili, kisha yakaunganishwa.

Seli tupu za mahali ziligeuzwa kuwa sifuri na programu ya majedwali, na ghafla Ghuba ya Guinea ikawa na msongamano wa meli kwenye latitudo 0, longitudo 0. Mistari hiyo imetolewa ikawekwa kwenye jedwali la “bila mahali”. Haikufutwa, kwa sababu nyingi zina maelezo ya maneno yanayoweza kusaidia baadaye. Majina nayo yaliharibika kwa usimbaji, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi: Königsberg ikawa KÃ¶nigsberg. Faili likifunguliwa kama UTF-8 tangu mwanzo, shida hiyo haipo.

Leseni: data ya OpenStreetMap iko chini ya ODbL, na hifadhidata inayotokana nayo ikitolewa hadharani lazima ifuate leseni hiyo hiyo. Ningeweza kuiweka kwenye tabaka lake peke yake, lakini hapo meli ile ile ingeonekana mara mbili daima. Nimekubali jedwali zima liwe ODbL.

17 Februari: nyuzi, dakika, sekunde

Hatua hii ilipaswa kuwa fupi. Mabaki ya Titanic yako 41°43′57″ Kaskazini, 49°56′49″ Magharibi. Kwa desimali ni 41.7325 na -49.9469. Vyanzo vingine huandika nyuzi na dakika zenye desimali. Vingine, na hivi ndivyo vyenye sumu, huandika 41.4357, yaani nyuzi, dakika na sekunde zikiwa zimebanwa pamoja zikajifanya desimali. QGIS inaipokea namba hiyo bila kunung’unika na kuiweka meli zaidi ya kilomita 45 kutoka ilipo.

Jicho haliwezi kuligundua kosa hili kwenye mstari mmoja. Kwenye safu nzima linagundulika kirahisi: angalia tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta, kisha mbili zinazofuata. Kama katika safu yote hakuna jozi inayozidi 59, hizo ni dakika na sekunde. Desimali halisi hupita 59 mara nne katika kila kumi, kwa hiyo mistari ishirini tu inatosha kuamua. Kanuni hii ni mistari mitatu ya Python, na iendeshwe kwa kila chanzo kivyake, maana data zikishachanganywa ushahidi unapotea.

Alama za kusini na magharibi ni hadithi nyingine. Ukipoteza alama ya kutoa kwenye longitudo ya Titanic, meli inakwenda 49.95 Mashariki, katikati ya Bahari ya Kaspi, kaskazini mwa Baku. Ukibadilishana latitudo na longitudo, inakwenda kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kati ya visiwa vya Prince Edward na Crozet. Kote huko ni maji! Ndiyo maana ukaguzi wa “je, nukta iko nchi kavu?”, ambao wengi huishia nao, haukamati kitu hapa. Wala kuangalia kama latitudo inazidi 90 hakutoshi: kunakamata tu meli zilizo mbali sana na Greenwich.

Kilichosaidia ni kina. Titanic iko takriban mita 3,800 chini, na Bahari ya Kaspi haina mahali panapozidi mita 1,025.

1 Machi: ukaguzi wa kina

GEBCO hutoa kina cha bahari yote ya dunia katika miraba ya sekunde 15 za tao, kama mita 450 kwenye ikweta. Rasta nzima ina safu 86,400 na mistari 43,200. Kwenye diski ni gigabaiti saba na zaidi, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inalala usingizi ukijaribu kuipaka rangi. Usiipakue nzima. Tovuti ya GEBCO inakuruhusu kukata eneo unalotaka na kulipokea kama GeoTIFF. Kata maeneo yenye meli tu.

Kisha kwenye QGIS, zana ya kusoma thamani za rasta chini ya nukta inaongeza safu ya kina cha GEBCO, na unailinganisha na kina kilichoandikwa kwenye chanzo. Nimeruhusu tofauti ya mita 20 au asilimia 5, ipi iliyo kubwa. Kwa meli za maji mafupi karibu na miamba ukaguzi huu ni dhaifu, kwa sababu mraba mmoja unaweza kubeba mwamba na mtelemko wake pamoja. Kwa maji marefu ni mkali.

GEBCO pia hutoa rasta ya pili inayoonyesha ni miraba ipi imepimwa kweli na ipi imekadiriwa kutokana na mvutano wa dunia unaosomwa na setilaiti. Isomwe pamoja na ile ya kina. Sakafu ya bahari iliyopimwa kwa vyombo vya kisasa ni kama robo tu, hivyo mara nyingi meli na rasta zikigombana, rasta ndiyo isiyojua.

Hitilafu kubwa ya wiki hii ilitoka kwenye maziwa. Ukaguzi ulitangaza kwamba MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, iko nchi kavu. Sababu yake ni kwamba rasta hupima kutoka usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa huo. Thamani ni chanya, kanuni inasema nchi kavu. Nilidhani rasta yenye kina cha maziwa ingeponya hili, lakini haiponyi. Edmund Fitzgerald, iliyozama Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975, iko takriban mita 160 chini ya maji, na uso wa ziwa hilo uko mita 183 juu ya bahari. Sakafu yenyewe bado iko juu ya usawa wa bahari.

Suluhisho: tabaka la mipaka ya maziwa makubwa, na safu ya `maji` yenye thamani bahari, ziwa au mto. Ukaguzi wa kina unaendeshwa kwa bahari peke yake. Maziwa yanakaguliwa kwa kitu kimoja tu, kama nukta iko ndani ya mpaka wa ziwa.

15 Machi: namba sahihi zilizopimwa kutoka mahali pengine

Baada ya kusafisha nyuzi na alama, bado kulikuwa na meli zilizokaa vibaya kwa umbali unaojirudia. Kosa linalojirudia kwa umbali ule ule si kosa la mwandishi mmoja, ni mfumo.

La kwanza ni longitudo za zamani. Greenwich ilikubaliwa kuwa mwanzo wa longitudo katika mkutano wa Washington mwaka 1884, na Wafaransa waliendelea kuhesabu kutoka Paris hata baada ya hapo. Paris iko 2°20′14″ mashariki ya Greenwich. Chukua frigeti Méduse, iliyokwama kwenye fungu la Arguin pwani ya Mauritania tarehe 2 Julai 1816. Longitudo ya Kifaransa ya wakati ule ukiichora bila kuibadilisha inaisukuma meli zaidi ya kilomita 240 upande wa magharibi, kwenye maji marefu ambako hakuna fungu la kukwamia. Hapa ukaguzi wa kina umelipa tena.

Nimeongeza safu ya `meridiani`. Kila rekodi ya kabla ya 1914 iliyotoka kwenye maandishi ya Kifaransa au Kihispania inasimamishwa mpaka ijulikane imehesabiwa kutoka wapi. Hakuna njia ya mkato. Ni kusoma chanzo.

La pili ni datumu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho latitudo na longitudo hupimwa juu yake. Kosa lake ni dogo zaidi lakini linanyemelea. GPS hutumia WGS 84. AWOIS iko kwenye NAD83, na tofauti yake haizidi mita mbili hivi, kwa hiyo nimeipuuza. Ramani za zamani za Bahari ya Kaskazini zilitumia ED50, tofauti ya zaidi ya mita 100. Ramani za Kenya na Tanzania zilizotengenezwa kwa Arc 1960 zinatofautiana na WGS 84 kwa takriban mita 300, sehemu kubwa yake upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 kwenye ramani ya dunia hazionekani. Kwa anayetaka kuteremsha sona (chombo cha kutafuta kwa sauti chini ya maji) ni siku nzima ya kutafuta maji matupu.

QGIS inabadilisha datumu vizuri mradi ukiiambia ukweli. Tatizo ni faili lisilosema datumu yake: programu mara nyingi hudhani WGS 84, na hakuna onyo linalobaki ndani ya data. Rekodi za namna hiyo zimeongezewa mita 300 kwenye duara la shaka, basi.

2 Aprili: meli moja mara tatu, meli tatu mara moja

Vyanzo vitatu vinaleta nakala. Jaribio la kwanza lilikuwa la kivivu: nukta zozote zilizo ndani ya kilomita moja ziunganishwe. Scapa Flow, ghuba ya visiwa vya Orkney huko Scotland, ikafutika. Mabaharia wa Kijerumani walizamisha meli zao pale tarehe 21 Juni 1919. Nyingi zilikuja kuinuliwa, lakini saba kubwa bado ziko chini, na baadhi zinakaribiana. Bahari iliyozungukwa na miamba ya Chuuk, visiwa vya Pasifiki, nayo, iliyoshambuliwa na ndege za Marekani tarehe 17 na 18 Februari 1944, ina mabaki zaidi ya 40, nusu yakamezwa.

Kupunguza umbali hadi mita 500 kuliokoa baadhi, kukaharibu kwingine: omo na tezi ya Titanic zimelala takriban mita 600 mbali, kwa hiyo meli moja ikabaki na nukta mbili halali. Hakuna umbali mmoja unaofaa.

Kanuni iliyobaki inaangalia jina kwanza, likiwa limesafishwa (vifupisho vya mbele ya majina ya meli kama HMS, SMS na MV, na alama za juu ya herufi, vikiondolewa), kisha mwaka wa kuzama, kisha umbali. Jina na mwaka vikilingana, umbali unaruhusiwa hadi maili 20 za baharini. Jina likikosekana, mita 100 tu, na mashine haiunganishi: inapendekeza, binadamu anaamua. Sehemu za meli moja zinapewa safu ya `sehemu` chini ya namba moja ya utambulisho. Hii ndiyo hatua iliyokula muda kuliko zote, na sioni njia ya kuifupisha.

20 Aprili: maduara

Sasa kiini cha kazi. Kila rekodi inapewa radi (nusu kipenyo cha duara) ya shaka kulingana na jinsi mahali palivyojulikana. Iliyoonwa kwa sona au kamera: mita 100. Iliyopimwa kwenye ramani ya bahari bila alama ya shaka: mita 200. Ramani za bahari zenyewe huandika PA kwa mahali pa kukadiria na PD kwa mahali penye mashaka. Hizo zimepewa maili 1 na maili 5 za baharini.

Kwa rekodi za mabaharia wenyewe nilihitaji kupima ukubwa wa makosa yao, na meli mbili mashuhuri zinasaidia. Mahali palipotumwa kwa redio na Titanic, kwa hesabu ya ofisa wa nne Joseph Boxhall, ni 41°46′ Kaskazini, 50°14′ Magharibi. Mabaki yalipopatikana tarehe 1 Septemba 1985 yalikuwa takriban maili 13 za baharini kutoka hapo. Hiyo ni hesabu ya mwendo na mwelekeo, usiku, kwa haraka. Frank Worsley, nahodha wa Endurance, alikuwa na sekstanti na mazoea yake ya kutisha: alipaandika mahali meli ilipozama tarehe 21 Novemba 1915 kwenye barafu ya Bahari ya Weddell, na mwaka 2022 ikapatikana kwenye kina cha mita 3,008, maili kama 4 tu kusini. Kwa hiyo: hesabu ya mwendo, maili 15, sekstanti, maili 6. Ni uamuzi wangu, na safu inabadilishika.

Kisha zana ya kawaida ya kuchora ukanda kuzunguka nukta ikaleta aibu. Mradi ulikuwa kwenye EPSG:3857, projeksheni (namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) ya ramani za mtandaoni, ambayo hutanua kila kitu kadiri unavyoondoka kwenye ikweta. “Maili 6” za Endurance zikawa maili 2 na kidogo kwenye dunia halisi, na mabaki yenyewe yakaanguka nje ya duara lake. Hata duara la Titanic la maili 15 lilinywea hadi 11, nalo likaikosa meli. Bila zile meli za rula, kosa hili lingechapishwa.

Suluhisho ni kutochora duara kwenye projeksheni kabisa. Maktaba ya Python iitwayo pyproj ina `Geod`, na kitendo chake cha `fwd` kinapokea nukta, mwelekeo na umbali kwa mita, kisha kinarudisha nukta ya mwisho juu ya umbo halisi la dunia. Zunguka pande 36 na unapata duara la kweli popote, hata karibu na ncha.

Njia hiyo hiyo inatatua tatizo la karne ya 17. Kabla ya saa za John Harrison, zilizowezesha kupima longitudo baharini, baharia aliweza kupima latitudo vizuri lakini longitudo aliikisia. Meli ya Kiholanzi Batavia iligonga miamba ya Houtman Abrolhos, magharibi mwa Australia, mwaka 1629 huku wakiamini nchi kavu bado iko mbali. Kwa rekodi za enzi hizo ambazo mabaki hayajapatikana, duara ni umbo la uongo. Zimepewa duaradufu, nyembamba kaskazini-kusini na ndefu mashariki-magharibi.

8 Mei: zisizokuwepo na zisizoonyeshwa

Safu mpya: `hali`. Vasa ilizama tarehe 10 Agosti 1628 na ikainuliwa mwaka 1961. Leo iko ndani ya makumbusho Stockholm, na chanzo kimoja kiliiweka huko huko, juu ya paa. Graf von Goetzen ilizamishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Königsberg iliangamia kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na sehemu yake ikakatwa chuma chakavu katika miaka ya 1960. Zote zinastahili nukta, lakini si nukta inayomwambia mtu kuna meli chini.

Mbaya zaidi ni Bahari ya Java. Mwaka 2016 wapiga mbizi walikwenda kwenye meli za Kiholanzi De Ruyter na Java, zilizozamishwa katika mapigano ya Februari 1942, wakakuta mashimo kwenye mchanga. Zilibebwa na wezi wa chuma, pamoja na makaburi yaliyokuwa ndani yake.

Kwa sababu hiyo ramani ya hadharani haitakuwa na desimali zote. Meli za kivita zilizozama na watu, na zilizokaa majini zaidi ya miaka 100 (kipimo cha mkataba wa UNESCO wa 2001 wa urithi wa chini ya maji), zinazungushwa hadi sehemu moja ya kumi ya nyuzi, kama kilomita 11, isipokuwa kama mahali pake pameshatangazwa kila mahali. San José, meli ya Kihispania iliyozama karibu na Cartagena mwaka 1708 na kupatikana mwaka 2015, haina nukta hata kidogo: Colombia inapaweka mahali pake kuwa siri ya serikali, nami sitakisia.

24 Mei: kuchapisha

Hatua ni fupi: kutoa GeoJSON (faili la maandishi la data za ramani) kutoka QGIS, kuionyesha kwa Leaflet, maktaba ya kuweka ramani kwenye tovuti. GeoJSON inataka longitudo kwanza. Leaflet ukiandika alama kwa mkono inataka latitudo kwanza. Tumia `L.geoJSON` ikugeuzie yenyewe.

Maduara yenye pembe 36 kila moja yalifanya faili liwe zito kiasi cha kukwamisha simu. Sasa faili linabeba nukta na radi tu, na `L.circle` inachora kwa mita ikizingatia latitudo. Duaradufu pekee ndizo zinazosafiri kama maumbo. Desimali zimekatwa kulingana na radi: tano kwa zilizopimwa kwa sona, mbili kwa zilizokisiwa kwa maili.

Bado: tabaka la maziwa halina kina, jedwali la “bila mahali” halijaguswa, na rekodi za Kihispania zilizosimamishwa zinangoja kusomwa moja moja. Nitaanza na hizo.